Ndimu kwa Maji ya Achari

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, kwa saa ya ukutani ya dukani kwetu Biharamulo, mzibo wa kibuyu ulifyatuka, ukagonga sufuria na kuangukia ndani ya ungo wa unga. Naandika saa hiyo kwa uhakika kwa sababu nilitoka jikoni mbio kwenda kuitazama. Saa ile ilitangulia kwa dakika saba, na wateja wote walijua, lakini dakika saba hazikunisaidia kitu. Wageni walitarajiwa adhuhuri.

Ulikuwa mwezi wa nane, kiangazi kikali, katikati ya miaka ya vita vikuu vya pili. Wageni wenyewe walikuwa baba yangu mzazi na mdogo wake, wakitokea Nyamigogo kwa miguu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, ndoa yangu ilikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, na mimba yangu ilikuwa ya miezi saba. Baba hakuwa amekanyaga kwangu hata mara moja. Sisi tulikuwa wakulima na Wakristo. Mume wangu alikuwa mtoto wa wafanyabiashara Waislamu ambao babu yao alitoka pwani, nami nilikuwa nimeingia dini yao. Baba hakunilaani wala hakugomba. Alipokea mahari, akahesabu mbuzi, kisha akanyamaza.

Katika ukoo wetu ukimya wa namna hiyo una uzito. Binti aliyeolewa havuki tena kizingiti cha baba yake mpaka baba awe amekunywa nyumbani kwa binti, na kinywaji kiwe kimetengenezwa kwa mikono ya binti mwenyewe. Maji hayahesabiwi, maana maji ni ya kiu. Chai haihesabiwi pia. Baba alisema chai ni ya ofisini. Asipokunywa, nisingeweza kwenda kujifungua kwa mama. Na mimi nilitaka kujifungua kwa mama. Tangu utoto nilikuwa nimemwona akipokea watoto wa majirani. Nilijua anavyoshika, anavyosema, na wakati gani hunyamaza, na kwa mimba ya kwanza sikutaka mikono mingine. Mama naye alimshikilia baba miezi kadhaa mpaka akakubali kuja. Alikubali kuja tu. Kunywa hakukuahidi.

Kwetu kinywaji cha wakwe ni rubisi, pombe ya ndizi, na katika nyumba ya Waislamu rubisi haikuwa na nafasi. Nikaamua kutengeneza maji ya ndimu. Sukari siku hizo ilipatikana kwa kibali, kidogo kidogo, kwa hiyo nilinunua chupa nzima ya asali kwa mtu aliyepita akitokea Mabawe. Jioni ya siku iliyotangulia nilikamua ndimu ishirini, nikachanganya na asali na maji yaliyochemka na kupoa, nikamimina kwenye kibuyu. Nikakiziba kwa gunzi lililozungushiwa jani la mgomba, nikakilaza karibu na mafiga kikiwa kimefunikwa majani. Sikufikiri hata kidogo. Tangu nizaliwe niliona kinywaji cha heshima kikifanywa hivyo: hulazwa usiku kucha mahali pa joto. Kwangu kinywaji kilichotengenezwa na kunywewa siku hiyo hiyo kilikuwa kama mgeni aliyefukuzwa kabla ya kukaa.

Kibuyu chenyewe alinipa mama nilipoolewa, na kabla ya hapo kilikuwa kimebeba rubisi kwa miaka isiyopungua kumi. Nilikisugua kwa maji moto na majivu mara tatu, nikakinusa, nikaona kimetakata. Miaka mingi baadaye nilisoma kitabu kinachoeleza habari za chachu, nikaelewa. Ukuta wa kibuyu una vitundu vidogo visivyoonekana, na ndani yake chachu hulala ikisubiri utamu na joto. Nilikuwa nimeipa vyote viwili kwa saa kumi na tano.

Kwa kishindo kile mama mkwe alitoka chumbani. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya chini, na katika mwaka mzima sikuwahi kumsikia akirudia jambo mara mbili. Aliinama, akaweka sikio kwenye shingo ya kibuyu.

"Mwanangu," alisema, "hiki kinaongea."

Nikamweleza nilichotia. Akauliza kibuyu kilikuwa cha nini zamani, nikamwambia. Akachovya ncha ya kidole. Hakukilamba, alikinusa tu, kisha akakifuta kwenye jani.

"Hiki hakipiti kinywani mwa mtu humu ndani. Hata kama baba yako atakipenda."

"Hasa kama atakipenda," alisema mume wangu, ambaye alikuwa ameacha duka na kuja kusimama mlangoni.

Tulikimwaga chote kwenye mashina ya migomba nyuma ya jiko. Nilisimama nikitazama povu likizama ardhini, nikaanza kulia kimyakimya. Mama mkwe hakunibembeleza. Aliniuliza nimebakiwa na ndimu ngapi.

Nilikuwa na ndimu nane. Sukari kwenye mkebe ilikuwa vijiko saba vya chai. Asali hakuna. Nilifikiria maji ya ndizi mbivu, lakini ndizi za kukamua hufukiwa siku kadhaa kwanza ziive sawasawa, na mimi nilikuwa na saa mbili. Ndimu nane kwa vijiko saba vya sukari, katika jagi la kutosha watu watano, ni kitu cha kukunja uso. Nilijua hilo bila kuonja.

Ndipo mama mkwe akainua macho kutazama paa la bati la stoo.

Juu ya paa palikuwa na chupa yake ya achari. Kila mwaka kiangazi kikianza alikata ndimu katika pande nne bila kuzitenganisha, akazijaza chumvi, akazipanga kwenye chupa yenye mdomo mpana pamoja na pilipili mbuzi, vitunguu saumu, manjano na uwatu, akafunga mdomo kwa kitambaa. Chupa ilipanda paani kila asubuhi na kushuka kila jioni, siku arobaini. Kabla ya siku hizo kutimia hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na mtu aliyewahi kuingiza kijiko chenye majimaji ndani yake, yaani mume wangu akiwa mvulana, alikuwa bado akikumbushwa. Siku zilihesabiwa kwa punje za mahindi katika kikombe. Asubuhi ile kikombe kilikuwa na punje thelathini na tatu.

"Iteremshwe," alisema mama mkwe.

Nikamwambia siku hazijatimia. Akanijibu kwamba anajua kuhesabu.

Mume wangu alipanda, kwa sababu mimi na tumbo langu hatukuwa watu wa ngazi. Tulipofungua chupa, harufu ilitujaa puani: ndimu iliyopigwa jua, pilipili, na ukali wa chumvi nyuma yake. Maji yake yalikuwa mazito, ya rangi ya njano iliyokolea. Mama mkwe alieleza mawazo yake kwa maneno machache. Bibi yake alikuwa akitia chumvi kidogo kwenye uji wenye sukari haba, na sukari ilionekana imeongezeka. Sasa sisi sukari tulikuwa nayo haba, na chumvi ilikuwa ndani ya chupa pamoja na ndimu ambazo zimekwisha lainika. Hakuwahi kuona mtu akinywa maji ya achari. Alisema hilo pia, ili nisije nikadhani ni mapishi ya kwao.

Tulifanya majaribio manne, kikombe kimoja kimoja, na kwa kuwa wakati huo sikujua kuandika nilichora mistari ya mkaa ukutani.

Jaribio la kwanza lilikuwa kikombe kimoja cha maji baridi ya mtungini, nusu ndimu, na kijiko kimoja cha chai cha maji ya achari, bila sukari. Lilikuwa na ladha ya maji yaliyosuuzia sahani. La pili tuliongeza achari hadi vijiko vitatu. Mama mkwe alionja, akafumba jicho moja, akakaa hivyo kwa muda, halafu akasema tukiihifadhi itatufaa siku mtu akila sumu. La tatu lilikuwa vijiko viwili vya achari na nusu kijiko cha sukari. Hapo mambo yalibadilika. Ndimu ilitangulia, chumvi ikaituliza, utamu ukajitokeza mkubwa kuliko sukari tuliyoweka, na mwishoni kabisa, wakati umekwisha kumeza, pilipili ikagusa koo kama mtu anayebisha hodi taratibu. Nilimaliza kikombe nikaomba kingine.

"Ushahidi wako haufai," alisema mama mkwe. "Una mimba. Hata udongo unauona mtamu."

Ilikuwa kweli. Wakati ule ule nilikuwa na bonge la udongo mweupe kwenye pindo la kanga. Nilicheka mpaka ikabidi nikae kwenye kinu, na yeye, ambaye si mtu wa kucheka, alijifunika mdomo kwa ukaya wake na mabega yakatikisika.

Jaribio la nne lilikuwa sawa na la tatu, ila tulichuja kwa kitambaa cha melimeli ili kupunguza harufu ya vitunguu saumu. Tukamwita shahidi asiye na mimba. Mume wangu alikunywa amesimama, akatazama ndani ya kikombe, akanywa tena.

"Ndimu na pilipili wamegombana," alisema, "chumvi ikaja kuwapatanisha. Mmetia sukari kiasi gani?"

Tulipomwambia, hakuamini. Alikwenda kufungua mkebe, akahesabu.

Majaribio yalikuwa yamekula ndimu mbili na kijiko kimoja cha sukari. Zilibaki ndimu sita na vijiko sita, ambavyo kwa kipimo chetu vilitosha vikombe kumi na viwili, pamoja na vijiko ishirini na vinne vya maji ya achari. Nilivihesabu kwa sauti vikiingia kwenye jagi kubwa la bati lenye maua. Tukaliweka jagi ndani ya beseni la maji, kivulini, tukalifunika kitambaa kilicholowa. Wakati tunachuja mama mkwe aliniambia, akiwa amenipa mgongo, kwamba nikiulizwa niseme nimetengeneza mimi peke yangu. Achari si kitu, alisema. Ni kiungo kama chumvi.

Walifika saa sita na robo. Baba alikuwa amevaa koti lake zito la kanisani katika jua lile, na vumbi lilimfika magotini. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba, basi. Baba mdogo alikuwa mtu wa namna nyingine. Aliwahi kufanya kazi ya barabara akifika hadi Ngara, alijua Kiswahili cha kila aina, na kwake salamu zilikuwa nusu ya safari. Walipozunguka nyuma ya nyumba kunawa miguu, alisimama ghafla karibu na migomba, akainua pua.

"Hapa pana harufu ya nyumbani," alisema.

"Ni migomba tu, baba," alisema mume wangu.

"Migomba ya mjini imesoma. Ya kwetu hainuki hivi mpaka ikamuliwe."

Baba hakucheka, lakini niliona amejishughulisha sana na kufuta miguu.

Tuliwaketisha barazani upande wenye kivuli. Nilileta jagi na mirija mitatu niliyokuja nayo kutoka kwetu, kwa sababu kinywaji cha namna hii baba asingekipokea kwenye bilauri. Kwa desturi aliyetengeneza huonja kwanza mbele ya wageni, nikaonja. Kisha mama mkwe, ambaye desturi yetu haikumdai kitu, alijimiminia bilauri na kuinywa yote bila kupumzika, akaiweka chini ikiwa tupu.

Baba aliichungulia ile rangi ya njano. Akaniuliza kwa Kisubi, lugha yetu, ni kitu gani, nikasema ni ndimu. Akauliza nani ametengeneza.

Nilikuwa na jibu nililopewa jikoni, na lilikuwa karibu na kweli. Lakini baba alikuwa amenifundisha kuhesabu kwa kuniuliza mbuzi waliorudi, na alijua siku zote nilipoacha mmoja.

"Ndimu nimekamua mimi," nilisema. "Vipimo nimepima mimi. Lakini ndani yake mna maji ya achari, na achari ni ya mama yangu huyu. Ameianika siku thelathini na tatu." Kisha, kwa kuwa nilikwisha anza, nikamweleza habari ya kibuyu pia, na yaliyomwagwa kwenye migomba.

"Nilisema mimi," alinong'ona baba mdogo.

Baba alikaa na mrija mkononi. Aliposema tena hakutumia Kisubi. Alitumia Kiswahili chake cha sokoni, polepole, ili mama mkwe asipitwe na neno.

"Nilitaka mikono ya binti yangu."

"Ndiyo, baba."

"Hii ni mikono ya watu wawili."

Mama mkwe hakunitazama. Alimjibu yeye, kwa sauti yake ile ya chini.

"Wanawake wa nyumba hii ni sisi wawili, mkwe wangu. Hakuna wa tatu. Ukitaka ya mmoja wetu peke yake, huyo mwingine atoke aende wapi?"

Baba alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri mbele za watu bila kuona haya, na sisi wote tulingoja. Hatimaye alisema, "Basi ni kinywaji cha nyumba," akachovya mrija.

Mvuto wa kwanza ulikuwa mfupi. Nyusi zilipanda. Wa pili ulikuwa mrefu, na wa tatu mrefu zaidi, na jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. Alifungua kifungo cha juu cha koti. Akafungua cha pili. Akaendelea mpaka baba mdogo akamgusa bega.

"Kaka, sasa unavuta zamu yangu."

Baba mdogo naye alipoonja alikohoa, akajipigapiga kifua, akarudi kwenye mrija kwa haraka. Alisema kitu hiki kinakuchapa kwanza halafu kinakubembeleza, na kwamba alijua mwanamke mmoja wa namna hiyo alipokuwa kwenye kazi ya barabara. Mama mkwe alikazana kutazama ukuta. Mume wangu alikimbilia dukani ambako hakukuwa na mteja, na tukamsikia akicheka peke yake huko.

Baba aliuliza maswali, moja baada ya jingine: ndimu hukatwaje, kwa nini paani na si uani, pilipili ngapi. Mama mkwe alijibu kila moja. Wakazungumza kwa muda mrefu juu ya chumvi, ipi ni safi na ipi ina mchanga, wazee wawili ambao kwa mwaka mzima hawakuwa na neno la kuambiana. Mimi nilikaa kwenye mkeka, mtoto akicheza tumboni. Saa saba na dakika hamsini jagi lilikuwa tupu.

Aliposimama kuondoka alifunga vifungo vyote vya koti tena. Nilipiga magoti kumuaga, akaweka kiganja juu ya kichwa changu, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu nilipovunja ungo.

"Mama yako amekwisha kandika sakafu ya chumba chako," alisema. "Usimcheleweshe."

Mwezi ulipoandama tulikwenda, siku mbili badala ya nusu siku, nikitembea na kupumzika huku mume wangu akisukuma baiskeli yenye mizigo. Nilivuka kizingiti cha baba kwa mguu wa kulia, naye alikuwa amekaa ndani akijifanya anachonga mpini. Mtoto, wa kike, alizaliwa mvua za kwanza zilipoanza, alfajiri, mikononi mwa mama. Mama alisema maneno yake yale yale niliyoyasikia tangu utoto, na akanyamaza mahali pale pale.

Kinywaji kile tumekitengeneza kila kiangazi tangu hapo. Kipimo hakijabadilika: kikombe cha maji baridi, nusu ndimu, vijiko viwili vya maji ya achari, nusu kijiko cha sukari, kuchuja kwa kitambaa. Sukari iliporudi kwa wingi madukani nilijaribu kijiko kizima, halafu kimoja na nusu, na mara zote mbili kiliharibika. Niligundua pia kwamba achari ya siku thelathini na tatu hufaa kuliko ya siku arobaini, ambayo huwa na uchungu kidogo wa maganda. Mama mkwe alibisha juu ya jambo hilo, lakini toka mwaka uliofuata aliweka chupa mbili paani, ya kula na ya kunywa. Wapo majirani waliotema. Wengi zaidi walirudi wakiwa na kikombe.

Siku ya arobaini ya mtoto mama mkwe alikuja Nyamigogo. Hapo ndipo nilipojua kwamba kabla ya baba kuja kwetu mama mkwe alikuwa ameweka fedha ya mkunga wa mjini, shilingi kumi na mbili, zimefungwa kwenye pindo la kanga, kwa kuwa hakuwa na hakika kama mzee angekunywa. Alilifungua fundo mbele ya mama yangu. Mama alikataa malipo. Alisema hauzi wajukuu. Akakubali sabuni na doti moja ya kanga, ambavyo mama mkwe alikuwa amevinunua kwa shilingi tatu na senti hamsini. Kwa hiyo tuliokoa shilingi nane na senti hamsini.